Jeki Iliyokuja kwa Basi

Osea Nzunda alikuwa na sheria moja aliyofundishwa na mzee aliyempa kazi: chombo kitakachobeba uzito juu ya mwili wa mtu hakinunuliwi kabla hakijaubeba uzito huo mbele ya macho yako. Aliishika sheria hiyo miaka kumi na tisa. Aliivunja mara moja tu, mwezi wa kumi, akiwa ameketi kitandani kwake, kwa kidole gumba.

Alikuwa fundi springi. Alizaliwa karibu na Mbozi Mission, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, wa nne kati ya watoto saba, na shamba la baba yake lilipogawanywa alijikuta amebaki na mistari michache ya mikahawa isiyotosha kulisha mke. Akashuka Tunduma. Huko alijifunza kufungua na kufunga springi za malori, kazi ya kulala chali juu ya lami, oili ikimdondokea usoni, na baada ya muda akawa mtu ambaye madereva wanamuulizia kwa jina. Alioa, akapata watoto watatu, akajenga vyumba viwili Chapwa. Hakunywa pombe. Alikuwa mzee wa kanisa, na hesabu ya sadaka aliaminiwa aishike peke yake.

Alifanya kazi na Rabson, mume wa dada yake mdogo Tabita, aliyezaliwa naye tumbo moja. Waliitana shemeji mbele za watu na hata wakiwa wawili tu. Rabson alikuwa mwepesi wa mwili na wa maneno, hodari wa kunyoosha mkono mahali pembamba ambapo mkono wa Osea ulikuwa umenenepa mno kupita.

Anayejua Tunduma anaijua foleni. Malori yanayokwenda ng'ambo husimama mstari mmoja kutoka mpakani, yakarudi nyuma hadi Chapwa na mbele zaidi, yakisubiri siku moja, mbili, wakati mwingine nne. Lori likivunja springi ndani ya foleni halitoki nje kutengenezwa, maana likitoka nafasi yake imekwenda, na dereva ataanza upya mkiani. Kwa hiyo fundi hulifuata palepale lilipo. Hukata matawi, akayaweka barabarani kuonya magari, akapandisha tela kwa jeki, akaingia chini. Na mstari ukisogea mbele, honi zinaanza nyuma, dereva anapunga mikono, fundi anashusha, lori linasogea hatua hamsini, kazi inaanza tena.

Kwa sababu ya haraka hiyo mafundi wa Chapwa walikuwa na tabia moja ambayo mahali pengine ingeitwa wazimu. Hawakuweka magogo. Kila fundi wa magari anajua kwamba ukishapandisha gari kwa jeki, unasimamisha gogo la mti mgumu pembeni yake, ili jeki ikishindwa gogo lipokee. Lakini gogo linachukua muda kulipanga na muda kulitoa, na foleni haimngojei mtu. Wakawa wanaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hawakuwa wajinga. Walifanya hivyo kwa sababu ya Mzee Uledi.

Mzee Uledi alitoka Ujiji akiwa kijana, akafungua duka la zana karibu na soko, na jeki alizouza yeye hazikuwa kama za watu wengine. Nyuma ya duka lake kulikuwa na tela bovu lililojazwa mawe. Ukitaka jeki kwake, ulifika kabla ya adhuhuri. Aliiweka jeki chini ya tela lile mbele yako, akapiga mpini mpaka tela likanyanyuka, akachora mstari wa chaki juu ya nguzo iliyokuwa pembeni, sawasawa na ukingo wa tela. Kisha akaenda kuswali. Jeki ilibaki imebeba mawe mpaka sala ya alasiri, na wewe ulingoja, ukipenda kukaa kwenye benchi au kwenda kula. Akirudi, mlitazama wote wawili. Ukingo wa tela ukiwa umeteremka chini ya chaki hata kwa unene wa ukucha, hakukuuzia, hata ungemlilia. Aliifunga jeki ile na kuirudisha alikoinunua.

Alikuwa ghali, na ulimi wake ulikuwa mkali. Ukimwomba apunguze bei alikuuliza kama mkeo anajua unavyouthamini mwili wako. Lakini hakuna jeki ya Uledi iliyowahi kumwangukia mtu, na mafundi wakafika mahali pa kusema kwamba jeki yake ndiyo gogo lenyewe. Mtu alikuwa akiuliza kabla hajaingia chini, "Ya Uledi?" Akijibiwa ndiyo, aliingia.

Mwezi wa kumi jeki yao ya zamani ilichoka. Osea na Rabson walikuwa wameweka pamoja fedha ya nyingine, na Osea, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikabidhiwa yote aende kwa Uledi.

Usiku ule kabla ya kwenda, aliona jeki kwenye simu. Ilikuwa nyekundu, imepigwa picha juu ya kitambaa cheupe kama keki ya harusi. Muuzaji alisema yuko Dar es Salaam, anatuma mikoa yote kwa basi, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya Uledi. Chini ya picha watu walikuwa wamesifu. Osea alisoma sifa zote, moja baada ya nyingine. Jiko la mke wake Imelda lilikuwa bado limeezekwa kwa nyasi na mvua zilikuwa zinakaribia, naye alikuwa amemwahidi mabati tangu mwaka juzi. Alijiambia kwamba jeki ni jeki. Alijiambia kwamba Uledi anatajirika kwa maringo. Alituma fedha, akanunua mabati kwa iliyobaki, na kwa Rabson, aliyedhani mzee bado anatafuta jeki itakayopita chaki, hakusema neno, akiamini kwamba atamweleza jeki ikishafika na kuonekana nzuri.

Ilifika baada ya siku nne. Aliichukua stendi, akachana boksi palepale na kulitupa, akaibeba begani mpaka foleni, ambako Rabson alikuwa anakunywa chai.

"Hee, mashine imefika!" Rabson akasimama, akaizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Niambie kwanza, mzee leo amekutukana mara ngapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Osea alifungua mdomo. Pembeni walikuwa wamekaa mafundi wengine wanne, wanamtazama.

"Mara tatu," akasema.

Wakacheka wote. Rabson akacheka kuliko wote. Na neno lile, ambalo halikuwa refu kuliko salamu, likawa limeshatoka.

Jumapili baada ya ibada, wakati Rabson yuko kwake na Tabita, Osea alikwenda peke yake kwenye uwanja wa kuegesha malori. Aliomba ruhusa kwa mlinzi, akaiweka jeki mpya chini ya tela lililokuwa limepakiwa saruji, akapandisha. Alikata fito ya mkahawa, akaisimamisha wima kati ya ardhi na chesisi, akaacha nafasi ya vidole viwili juu yake. Akaenda kukaa kivulini. Hakuwa na sala ya kungojea; alingoja saa mbili kwa saa ya mkononi.

Aliporudi fito ilikuwa imepinda kama upinde.

Alichuchumaa akaitazama jeki. Hapakuwa na oili iliyomwagika. Jeki ilikuwa kavu na nyekundu na nzuri kama picha yake. Ilikuwa inashuka kwa ndani, polepole, bila sauti, kama mtu anayesinzia. Aliivuta ile fito, ikakatika.

Alimpigia muuzaji.

"Bosi wangu!" Sauti ilikuwa ya uchangamfu. "Mzigo umefika salama?"

"Umefika. Lakini inashuka."

"Inashuka vipi?"

"Inashuka. Nimeipa mzigo saa mbili, imeteremka vidole viwili na zaidi."

"Ah, hiyo kawaida bosi wangu, mafuta bado yanatafuta nafasi. Itumie wiki moja, itakaa sawa."

"Kaka, mimi nalala chini ya hiki kitu."

"Basi usilale sana," yule mtu akasema, akacheka, na Osea akasikia kwamba alikuwa anacheka na watu wengine pia. Alipopiga jioni simu haikupokelewa. Jumatatu namba haikupatikana, na ule ukurasa wenye picha na sifa ulikuwa umeondolewa.

Sasa ni haki kusema alichokiogopa, maana tangu siku ile Osea aliishi kwa woga. Aliogopa uso wa Rabson. Aliogopa wale mafundi wanne waliocheka. Aliogopa wazee wenzake wa kanisa wasije wakasikia kwamba fedha ya watu wawili imeezeka jiko la mmoja. Aliogopa ulimi wa Uledi. Woga wote huo ulikuwa wa aibu, na ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ule woga wa kweli, wa chuma kinachoshuka, aliuweka nyuma ya ule mwingine, akafikiri ataushughulikia mwenyewe.

Aliushughulikia hivi. Aliokota magogo mawili ya mti mgumu, akaanza kwenda nayo foleni. Na chini ya tela akawa anaingia yeye peke yake.

"Shemeji, siku hizi oili unainywa peke yako?" Rabson alimuuliza siku ya tatu. "Mimi nimekuwa kibarua wa kushika spana?"

"Nataka mazoezi. Nimenenepa."

"Na hayo magogo? Tunahamia?"

Mafundi wengine hawakumwacha. "Osea anajenga nyumba chini ya tela," mmoja alipiga kelele. "Fundi, choo utaweka upande gani?" Madereva nao walinung'unika, kwa sababu foleni ikisogea ilibidi wangoje magogo yatolewe. Lori moja lilipoteza nafasi mbili kwa ajili yake, na habari hiyo ilitembea foleni nzima.

Chini huko, akiwa chali, Osea hakuangalia kazi. Aliangalia shingo ya jeki, ule mti wa chuma unaopanda na kushuka. Kila baada ya nati moja aligeuza kichwa. Aliweza kuona unateremka. Alijifunza hata mwendo wake: ukihesabu mpaka mia mbili umeshuka kwa unene wa shilingi. Alikuwa akitoka chini amelowa jasho asubuhi ya baridi. Nyumbani, Imelda alimsifia kwa mabati. Mvua ya kwanza iliponyesha, mlio wake juu ya jiko ulimfanya atoke akasimame nje.

Alikwenda kwa Uledi, hatimaye. Hakwenda kukiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea. Nilidhani umehamia ng'ambo."

"Nipo, mzee. Natafuta ule mpira wa ndani wa jeki. Ya tani hamsini."

Uledi alikuwa anapanga spana ukutani. Hakugeuka. "Jeki ipi? Zangu nazijua moja moja, kama wajukuu. Hakuna iliyoniambia inaumwa."

"Si ya kwangu. Ya rafiki yangu mmoja, yuko Vwawa."

"Kainunua wapi?"

"Kwenye simu."

Hapo Uledi aligeuka. Alikuwa na macho mekundu kidogo ya uzee, na hayakutoka usoni kwa Osea. "Inashuka au inavuja?"

"Inashuka."

"Kavu?"

"Kavu."

"Basi si mpira. Ndani kumechongwa vibaya, mafuta yanapita pembeni. Hata ukiweka mpira wa dhahabu. Na siku moja mpira utachoka kupitisha kidogo kidogo, utapasuka, jeki itakaa chini mara moja kama mbuzi aliyepigwa rungu." Aliifuta mikono kwa kitambaa. "Huyo rafiki yako ana watoto?"

"Watatu."

"Mwambie aniletee hiyo takataka nimpe kilo zake za chuma chakavu. Mwambie sitamtukana. Akiwa hana fedha ya nyingine nitamwachia yangu, atanilipa akipata. Unasikia, fundi? Sitamtukana."

Osea alisema amesikia. Alisema atamfikishia. Alitembea mpaka barabara kuu, akasimama pale huku malori yakipita, na moyo ulimwambia arudi. Kulikuwa na hatua themanini tu mpaka mlangoni kwa mzee. Hakurudi. Alipanga kurudi Jumamosi, peke yake, duka likiwa halina watu.

Ilikuwa Jumatano. Mambo yalitokea Alhamisi.

Asubuhi ile tela la dereva mmoja wa Zambia, Felix, lilivunja springi ya nyuma upande wa kushoto. Lilikuwa limebeba mbolea, na lilikuwa mbali kwenye foleni, kwenye mteremko nje kidogo ya makazi. Rabson alikuwa ameshafika na jeki kwa bodaboda. Osea alifika na sanduku la spana. Magogo yalikuwa yamebaki kwake, nyuma ya nyumba, kwa sababu bodaboda ya pili haikupatikana upesi.

Walipandisha tela. Walipofungua, waliona kwamba bolti ya katikati inayoshika majani ya springi nayo imekatika, na katika sanduku hapakuwa na saizi yake. Ilibidi mtu aende mjini.

"Nakwenda mimi," Rabson alisema.

Osea alifikiri haraka. Rabson akienda mjini atapita kwa Uledi, maana bolti zile zinauzwa hapo, na mzee atasema jambo kuhusu rafiki wa Vwawa. "Hapana," akasema. "Nakwenda mimi. Wewe kaa. Lakini sikia, usiingie chini mpaka nirudi."

"Kwa nini?"

"Ningojee tu."

Rabson alimkazia macho. "Shemeji, una nini wewe? Tangu mwezi uanze uko kama mtu anayefuatwa. Tabita kaniuliza kama unaumwa."

"Siumwi. Ningojee, Rabson."

"Haya, bosi. Nitalinda matawi."

Bodaboda ilimpitisha mbele ya nyumba yake. Aliyaona magogo kwa nyuma, yameegemea ukuta. Ilikuwa ni kusema "simama," kuyafunga kwa kamba, kurudi nayo kwanza. Alihesabu kwamba ingemchelewesha dakika kumi na tano, na Rabson ameahidi. Hakumwambia mwenye pikipiki asimame.

Kwa Uledi alikuta wateja wengi. Mzee alimpa bolti, na Osea akatoka haraka.

Aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa nafasi. Foleni ilikuwa imesogea. Mbele ya lori la Felix barabara ilikuwa tupu hatua mia nzima, na nyuma yake honi zilikuwa zinalia zote pamoja, mfululizo, kama ng'ombe wenye kiu. Felix alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani.

"Bwangu, mukwai, bwangu!" alikuwa analia kwa Kibemba chake, akiinama kuelekea chini ya tela. "Haraka fundi, wataniingilia, wataniingilia!"

Na chini ya tela, nyuma ya gurudumu, ilitokeza miguu miwili. Viatu vya Rabson.

Osea aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka kwa goti, akainuka. Alikuwa bado hatua ishirini mbali, na kutoka pale aliona shingo ya jeki: ilikuwa imebaki fupi, vidole vitatu, labda vinne. Ilikuwa imesimama pale muda wote aliokuwa mjini.

"Rabson! Toka!"

"Umerudi?" Sauti ilitoka chini, tulivu, imebanwa na juhudi. "Nimefunga jani la springi la zamani kwa waya, dereva asogee mpaka mbele huko, tutamalizia. Nimebakiza kuvuta waya."

"Toka! Toka chini!"

"Waya tu shemeji, mkono umeshapita. Usiniharakishe na wewe, honi zinatosha."

Watu walikuwa wamejaa. Madereva, wauza maji, na wawili kati ya wale mafundi wanne. Osea alifika kwenye tela, akapiga magoti, akamshika Rabson kifundo cha mguu. Alimwona uso, umegeuzwa pembeni, meno yameng'ata kipande cha waya, na mkono wa kushoto umeingia mpaka juu ya kiwiko kati ya springi na chesisi, pale pembamba ambapo mkono wa Osea haupiti. Aliiona jeki. Mpini haukuwa karibu. Ulikuwa upande wa pili wa gurudumu, na hata angeufikia, angekuwa anapiga chuma kilichokwisha.

Hapakuwa na maneno mengine yaliyobaki ambayo yangemtoa Rabson. Yalibaki yale tu.

"Si ya Uledi!" alipiga kelele. "Jeki si ya Uledi, Rabson! Nilikudanganya! Toka!"

Rabson alitema waya. Alimtazama Osea. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayejaribu kuelewa maneno mepesi. Kisha alielewa, na macho yakaenda kwenye jeki, naye akaanza kuuvuta mkono.

Mpira ulipasuka kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekohoa. Tela likakaa chini.

Rabson hakupiga kelele mara moja. Osea ndiye aliyepiga. Baadaye watu walimwambia kwamba alikuwa anapiga mgongo wake juu ya chesisi akijaribu kuinua tela lile lenye mbolea, na kwamba walimtoa kwa nguvu. Mafundi walikuja wakikimbia na jeki zao, tatu, zikawekwa, wakapandisha, wakamvuta. Felix alivua shati lake akafunga juu ya jeraha, akilia kwa Kibemba. Mtu wa gari dogo aliwabeba mpaka hospitali ya Vwawa. Njia nzima Rabson alikuwa ameweka kichwa pajani kwa Osea, hakuwa na pengine pa kukiweka. Osea alishikilia lile shati mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Aliogopa kukaza, aliogopa kulegeza. Kila tuta la barabarani alisikia mwili wa shemeji yake ukishtuka, na alikuwa anasema kwa sauti, bila kujua anasema, "Angalieni tuta, angalieni tuta."

Madaktari walifanya walichoweza. Tabita alifika jioni, kanga mbili zimefungwa hovyo, akapita mbele ya kaka yake mpaka kitandani, akakaa na mumewe. Baadaye alitoka barazani. Hakulia.

"Kaka," alisema, "watu wananiambia mambo. Nakuuliza wewe. Ulijua kwamba ile jeki inashuka?"

Mtu mwingine angesema alishuku. Osea, na hili liandikwe upande wake kwa kuwa ni kidogo sana lililoko upande huo, hakutafuta neno laini zaidi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ya kwanza baada ya kufika."

Tabita alihesabu siku akitazama sakafu. "Jumapili ile mchana uliondoka kanisani, jioni ukaja kula kwetu. Rabson mwenyewe alikukatia kuku."

"Ndiyo."

"Ukala."

"Nilikula, mdogo wangu."

Alirudi ndani, akausukuma mlango ukafungika.

Sasa ni mwaka wa pili. Osea aliwaeleza wazee wa kanisa mwenyewe, akaacha uzee wa kanisa kabla hajaombwa. Alijaribu kurudi foleni, lakini kila alipolala chini ya tela pumzi ilikatika, akatoka akitambaa, na madereva wakaacha kumuulizia. Alirudi Mbozi kwenye ile mistari yake michache ya kahawa. Rabson anauza vocha na maji kando ya foleni. Huwa anasalimiana na watu wote, anatania bado, na anafungua chupa kwa kuibana kwapani.

Jeki ile iligharimu nusu ya bei ya ile ya Uledi. Iligharimu pia mkono wa kushoto wa Rabson kutoka juu ya kiwiko, kazi ya watu wawili, na Tabita, ambaye hajaingia nyumbani kwa kaka yake tangu siku ile.